Laini Tatu za Mama Kwani

Fundi cherehani huyu alizaliwa akiuliza, na wanaomjua husema mkunga ndiye wa kwanza kukosa jibu. Kila jambo aliliingia kwa "kwani", hadi mtaa mzima ukamwita Mama Kwani, mumewe akiwemo. Kwa mkasi hakuwa na mpinzani. Kilichomkosesha raha ni kukosa ovaloki, ile mashine ya kuziba nyuzi za pindo. Kila nguo ilibidi aipeleke kwa jirani ikazibwe, na jirani alikuwa na maringo ya mtu anayejua kwamba anahitajika.

Basi siku moja akapata ovaloki ya mtumba, nzima kabisa. Nusu ya bei alikuwa nayo. Nusu nyingine akaomba mkopo kwa simu. Jibu lilikuja papo hapo: ombi limekataliwa, una mkopo ambao hujalipa.

"Kwani nimekopa lini?" akaiuliza simu.

"Labda umesahau," mumewe akasema.

"Nisahau deni? Mimi nakumbuka mpaka kifungo ulichopoteza siku ya harusi yetu!"

Muuzaji wa ovaloki alikubali kumsubiri hadi Jumamosi. Asubuhi yake Mama Kwani akafunga kibanda, akaenda ofisi ya kampuni ya simu. Karani, binti mpole mwenye miwani, akaingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta.

"Mama, una laini ngapi?"

"Moja. Kwani?"

"Hapa naziona tatu. Hii ya mwisho ndiyo iliyokopa. Na zote zilisajiliwa siku moja."

Roho ilimuuma, tena sana, maana aliiona ovaloki ikienda zake. Lakini udadisi ulikuwa na mbio kuliko machozi. Kumbe ana wenzake wawili wanaotembea na jina lake, wanakula na kukopa kwa jina lake, na hajawahi hata kuwaona sura! Walipitia mlango gani?

Karani akamsogezea kifaa cha alama za vidole, ili athibitishe kabla laini zile hazijafungwa.

"Utachoka bure, mwanangu," Mama Kwani akamwonya. "Vidole vyangu vimelika kwa sindano na pasi. Havisomi mpaka nirudierudie."

Akaweka dole gumba. Taa ya kijani ikawaka pale pale. Karani akamwambia ajaribu kingine, nacho kikasoma. Akajaribu cha tatu bila kuambiwa.

"Nani alikwambia vimelika, mama?"

Hapo Mama Kwani akakumbuka. Aliyemwambia ni wakala wa laini, kijana mtanashati mwenye meza chini ya mwavuli, hatua chache kutoka kibandani kwake. Siku ya kusajili alimfuta kidole kwa kitambaa safi, taratibu kama mtoto anayemuuguza mamake. "Pole mama, ndiyo kazi za mikono hizo. Hakijasoma, weka tena." Naye akaweka tena, na tena, na kushukuru akashukuru.

"Kifaa kikikataa huandika kwenye kioo," karani akasema. "Ulikiona?"

"Kioo kilikuwa upande wake."

"Basi andika malalamiko, deni linaweza kufutwa. Ila usimtaje mtu kwa kubahatisha."

Mama Kwani hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwavuli. Mezani alikuwepo mzee mmoja mwashi, mikono imekauka kwa saruji, amekuja kurudishiwa laini yake iliyopotea. Kijana alikuwa akimfuta dole gumba.

"Pole mzee wangu, saruji hii ni adui. Hakijasoma. Weka tena."

Mama Kwani akazunguka meza kama anayetafuta kivuli, akachungulia.

"Kwani hiyo alama ya kijani ni ya nini?"

Kijana akafunika kioo kwa kiganja. "Ah, mama, haya ni mambo ya kiufundi tu."

"Ondoa mkono, mwanangu, na mzee aone."

Hakuuondoa. Shati alilovaa alilishona Mama Kwani mwenyewe, na kola aliirudia bila malipo kwa sababu alimpenda kijana huyu. Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli.

"Kuna nini, dada?" mwashi akauliza, dole gumba likiwa bado hewani.

Akamweleza yote, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: kidole kilichosoma mara ya kwanza, kila "weka tena" iliyozaa laini nyingine mpaka zikawa tatu, na deni asilolijua. Mwashi akakitazama kidole chake, akamgeukia kijana, kisha akamgeukia tena Mama Kwani.

"Mimi kila nikija hapa huwa naweka hata mara nne," akasema polepole. "Sasa mimi niko wangapi?"