Picha Iliyokataa Kufunguka

Mdogo wangu wa kiume alipata mtoto wake wa kwanza, wa kike, akiwa masomoni Ulaya, na picha ya mtoto huyo ilitumwa kwangu kwa sababu katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa na kompyuta.

Sikuwa mtaalamu wa kompyuta. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika wa pamba, hadi wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao na malori yao, ushirika ukalegea, na wengi wetu tukapunguzwa kazi. Nikafungua duka la kupiga chapa na kutoa nakala karibu na stendi ya Bariadi. Baadaye, watu walipoanza kuuliza intaneti, nikamwita fundi kutoka Mwanza. Aliunganisha kompyuta yangu na waya wa simu ya mezani, akanionyesha herufi ya bluu ya kubofya ili kurasa zifunguke, akanipa na wosia mmoja: mashine ikikuuliza jambo usilolielewa, jibu hapana. Hapo hutaharibu kitu. Niliushika wosia huo kama amri ya kanisani.

Habari za mtoto nilizipeleka kwa baba kule Mwamapalala kwa mdomo wa jirani aliyekuwa anarudi kijijini. Kwetu babu ndiye anayetoa jina, na baba alijibu kwa mdomo wa jirani huyohuyo kwamba hawezi kumpa jina mtu ambaye hajamwona. Jina halitupwi gizani, alisema. Basi atakuja mjini siku ya mnada, nimwonyeshe hiyo picha.

Alikuja juu ya lori la pamba lililokuwa linaelekea kiwandani. Nilimkuta nje ya mlango wangu, nyuzi nyeupe zimemshika kwenye nywele na kwenye koti, mkono mmoja ukiwa ukutani. Mkono mwingine ulishika mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, aliyotaka mjukuu apelekewe.

“Mwangaluka, mayu,” alinisalimu salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akiniita mama kwa adabu ile anayopewa mwanamke yeyote.

Nilipoitika alicheka, akasema kumbe ni wewe. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamletea chai, nikakaa mbele ya kompyuta nikiwa na furaha tele. Nilitaka aone kwamba ile kazi aliyoiita kugonga-gonga vidude ilikuwa na maana.

Simu ilipiga kelele zake, ikaunganika. Nikabofya ile herufi ya bluu. Ukurasa wa gazeti ukafunguka, polepole kama kawaida yake lakini ukafunguka. Nikaenda kwenye ukurasa wa barua pepe. Kikatokea kisanduku kidogo cha Kiingereza chenye alama ya hatari, kinauliza kama nataka kuendelea. Nikajibu hapana. Ukurasa ukawa mweupe, na maneno kwamba hauwezi kuonyeshwa.

Nikarudia. Kisanduku, hapana, weupe. Nikafunga kila kitu nikafungua upya. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa waya wa simu, nikaupuliza vumbi, nikauchomeka. Niliona labda laini ni mbovu, lakini gazeti lilifunguka tena bila tatizo, na ukurasa wa matokeo ya mpira ukafunguka pia. Kila mlango wa dunia ulikuwa wazi isipokuwa ule mmoja niliouhitaji.

“Hayupo?” baba aliuliza kutoka kwenye benchi.

Nilimwambia yupo, ila ukurasa unakataa. Akasema basi tusimharakishe. Nadhani alifikiri kuna mtu wa kufungua upande wa pili.

Wateja walianza kuingia, maana siku ya mnada mji hujaa. Mwalimu mmoja alitaka mtihani wake uchapwe, nikamwambia angoje. Mfanyabiashara wa ng'ombe alitaka nakala ya kibali, nikamtolea huku macho yangu yapo kwenye kioo. Kila mtu alikuwa na dawa. Mwalimu alisema nifute kumbukumbu za kurasa za zamani, kwamba zinajaa kama ghala. Nilizifuta zote. Sasa hata gazeti lilichukua muda mrefu zaidi kufunguka, na barua pepe haikubadilika hata kidogo. Mfanyabiashara alisema mtandao wa Ulaya huwa mzito mchana kwa sababu wazungu wako kazini. Mwanamke aliyekuja kuomba kujihifadhi na jua alisema mashine za watu huchezewa na wenye husuda, akatazama kizingiti changu kana kwamba kuna kitu kimezikwa pale. Kufikia hapo nilikuwa karibu kumwamini.

Nilimpigia fundi Mwanza. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, na tena, kama vile hasira yangu ingeweza kuiwasha.

Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa mtaa. Lori la kurudi Mwamapalala lingeondoka jioni, na baba hakutaka kulala mjini. Alikuwa ameacha ng'ombe kwa jirani. Jasho lilinitoka. Nilibofya kwa nguvu hadi kidole kikaniuma, nikajua ni upumbavu, nikaendelea. Kuna aina ya hasira ambayo huwezi kuipeleka popote. Ukimkasirikia mtu, atajibu, au atanyamaza na kunyamaza kwake kutakuwa jibu. Ile mashine ilikuwa inaniuliza swali lilelile kwa upole uleule, mimi najibu, nayo inanipa ukurasa mweupe.

Mwishowe nikampigia mdogo wangu Ulaya kwa simu ya mkononi, jambo ambalo hatukulifanya ila kwa msiba. Nilimwambia picha haifunguki. Akaniambia kwake inafunguka vizuri, hata sasa hivi anaitazama, tatizo liko huko kwenu. Namna alivyotamka “huko kwenu” ndiyo iliyonichoma. Nilimuuliza huko kwetu ni wapi, na yeye kwao ni wapi. Akasema nisianze. Akasema baba angeweza kutoa jina tu na mambo yakaisha, mke wake anashangaa mtoto anaishi bila jina kwa sababu ya picha.

“Basi usitume picha,” nilimwambia, sauti yangu ikapanda. “Mlete mtoto mwenyewe. Baba amekaa hapa tangu asubuhi anangoja kipande cha karatasi ambacho hata si karatasi.”

Simu ilikatika. Sijui kama aliikata yeye au salio liliisha. Mwalimu aliinamia mtihani wake. Nilikuwa nimesema kwa Kisukuma, na baba alisikia kila neno.

“Usimgombeze,” alisema. “Yuko mbali. Mtu aliye mbali hagombezwi, anaitwa.”

Niligeukia kompyuta kwa sababu sikutaka anione uso. Kisanduku kilikuwa kimetokea tena, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kubofya, nilikisoma. Tangu asubuhi nilikuwa sijakisoma. Nilikuwa nakiondoa tu, kama mtu anavyofukuza inzi. Kilisema kwamba cheti cha usalama cha ukurasa huu bado hakijaanza kutumika, kwamba tarehe yake ni ya mbele. Nikashangaa ni mbele ya nini. Nikatazama chini kwenye kona ya kioo, kwenye saa. Kompyuta yangu iliamini kwamba tuko katika mwaka ambao mimi bado nilikuwa na meza yangu kwenye ofisi ya ushirika. Umeme ulikuwa umekatika usiku uliopita, na ulipotoka ukaondoka na tarehe. Baadaye fundi aliniambia kuna betri ndogo ndani, mfano wa kifungo cha shati, ndiyo inayoikumbusha mashine siku, na yangu ilikuwa imekufa.

Nilirekebisha tarehe. Nikabofya. Ukurasa wa barua pepe ukafunguka bila swali lolote, kana kwamba haujawahi kunikatalia.

Sikufurahi. Siku nzima nilikuwa nimesimama kwenye mlango unaofunguka, najibu hapana.

Nilimwita baba, nikamsogezea kiti. Picha ilianza kushuka kutoka juu, mstari baada ya mstari: ukuta wa rangi ya maziwa, kisha nywele, kisha paji la uso. Mwalimu na wengine walikusanyika nyuma yetu. Yakatokea macho, pua, mdomo ulio wazi bila meno. Mtoto alikuwa anacheka. Mtu mmoja nyuma akasema amefanana na babu yake mpaka masikio.

Baba alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti. Alikuwa anatazama kioo, lakini alitazama pembeni kidogo, pale ambapo hapakuwa na kitu ila jina la kampuni iliyotengeneza kioo.

“Paji lake likoje?” aliuliza.

Nilidhani anatania. Kisha nikanyoosha mkono wangu mbele ya uso wake, kati yake na kioo. Hakupepesa.

Niliwaomba watu watoke. Walitoka polepole, wakijifanya hawajaona. Baba alikubali bila kubishana sana. Jicho moja lilikuwa limefunga ukungu tangu masika ya mwaka wa nyuma, na la pili lilikuwa linalifuata. Mwanga anauona, alisema, na ng'ombe anawajua kwa kengele na kwa harufu. Alikuwa amekuja haraka akitumaini kwamba kioo cha kompyuta, kwa kuwa kinawaka chenyewe, kingemsaidia kuona kabla giza halijafika. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba angesema, tungemwondoa kwenye zizi lake na kumleta mjini akae kwenye kiti. Alisema hivyo bila lawama, na alikuwa sahihi, ndicho ambacho tungefanya. Nilimkasirikia hata hivyo. Nilimkasirikia zaidi ya nilivyoikasirikia mashine, kwa sababu mashine angalau ilikuwa imeniambia ukweli tangu asubuhi.

Nilimweleza mtoto kwa maneno. Paji pana, masikio kama ya babu mwenyewe, kidole gumba kimekunjwa ndani ya ngumi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema asante, lakini jina hakutoa. Lori liliondoka bila yeye. Nilimkataza kupanda, na safari hiyo alinitii.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya wilaya kwa zamu, na ilibidi tuwasubiri. Katika kungoja huko baba aliishi kwangu kwa manung'uniko, akiulizia ng'ombe wake kila asubuhi na kukataa kiti nilichomwekea barazani. Walipofika walimpasua jicho moja. La pili, walisema, lilikuwa limechelewa. Bandeji ilipoondolewa alinitazama, akasema nimezeeka.

Nilikuwa nimechapa ile picha kwenye mashine yangu, ambayo haikuwa na rangi, kwa hiyo mtoto alikuwa wa kijivu kuanzia nywele hadi nguo. Baba aliishika karibu na jicho zima, akaigeuza kuelekea dirishani, akakaa nayo hadi chai yake ikapoa. Alipoiweka chini aliniambia nimpigie yule wa mbali.

Mdogo wangu alipopokea, baba alilitamka jina kwa sauti kubwa, kwa sababu aliamini Ulaya ni mbali. Lilikuwa jina la mama mzazi wa baba, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Alilirudia, ili lisipotee njiani. Kisha akauliza mtakuja lini. Sikusikia jibu, lakini nilimwona baba akitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya juu, akasema haya, akanirudishia simu, akaanza kukusanya nguo zake arudi kwenye zizi.