Vidonge Vilivyokaa Stoo

Kwa miaka ishirini na saba Mzee Mutahi alisimama kwenye meza ya kuchagulia kahawa katika kiwanda kimoja karibu na Gakindu, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyempitishia tunda bovu. Ungeweza kumletea debe zima la matunda mekundu, na lile moja la kijani ulilolificha chini kabisa yeye angelichomoa kwa vidole viwili na kukuonyesha bila kusema neno. Watu walimwogopa kuliko mwenyekiti wa ushirika. Hata alipostaafu, waliendelea kumletea matunda nyumbani ayaangalie kabla ya kuyapeleka kiwandani, naye aliyaangalia, akajivuna, akanywa chai.

Kisha macho yakamgeuka, yote mawili. Ulikuwa ukungu, kama ule wa Julai, ila huu haukuondoka jua lilipotoka, na kwa miaka mitatu ukazidi kuwa mzito. Jumapili moja nje ya kanisa alimshika mkono mke wa mchungaji, akautikisa kwa furaha akimdhani mzee mwenzake, akamwambia, "Kingori, naona umenenepa vizuri." Mke wa mchungaji alicheka. Ngendo, mkewe Mutahi, hakucheka, na Jumatatu asubuhi akamfikisha kwa daktari wa macho mjini Nyeri.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, jambo la upasuaji mfupi tu, na kwamba Mutahi angeona tena vizuri. Kizuizi kilikuwa kimoja. Presha yake ilikuwa juu, na hakuna mtu angegusa jicho lake kabla haijashuka na kutulia. Basi kazi ikawa hiyo: presha ishuke, macho yafunguliwe. Isiposhuka, mtu aliyekuwa akilichomoa tunda moja la kijani kwenye debe angemalizia siku zake akishikwa mkono kwenda chooni. Mutahi alilielewa hilo kabisa, na lilimtia hofu kuliko alivyokubali kusema.

Alipewa vidonge kwenye zahanati ya karibu na kwao, kimoja kila asubuhi. Akameza siku tano. Siku ya sita ilikuwa Jumapili, na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vyake vya kanisa, vile vyeusi alivyonunuliwa na binti yake Anita, vikakataa kuingia. Yeye, mzee wa kanisa, akatoa sadaka akiwa amevaa makubazi ya mpira. Hakumwambia mtu sababu. Kesho yake alikichukua kile kipakiti cha vidonge, akakipeleka stoo, akakitia ndani ya kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, nyuma ya mfuko wa kopa, ile dawa ya buluu ya kunyunyizia kahawa.

Usidhani alikuwa mpumbavu. Alikuwa na hoja, na kwake zilikuwa hoja nzito. Kwanza, hakuumwa popote. Alipima mwenyewe kila alipoamka: kichwa hakiumi, kifua hakiumi, chai inapita. Dawa ya bure imezwe na mtu mzima wa afya kwa nini? Pili, mwili ukizoea dawa, siku ugonjwa wenyewe ukija utautibu na nini? Bora iwekwe akiba. Tatu, presha ilikuwa ikipimwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo aliiona kama mtihani. Mtihani ni siku yake. Asubuhi ya kliniki alikuwa anakwenda stoo, anatoa kidonge kimoja, anakimeza na chai, anachukua fimbo na kwenda kufanya mtihani wake.

Akaanguka mtihani mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

"Guka, presha bado iko juu," alisema Tabby, muuguzi wa zahanati, aliyemwita babu kama wasichana wote wa huko wanavyowaita wazee. "Hizo dawa unameza?"

"Nimemeza leo asubuhi, sista. Na chai."

"Na jana?"

"Jana tulikuwa na mkutano ya wazee wa kanisa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mutahi alikuwa mzee wa kanisa na hakusema uongo. Alichagua tu ukweli wa kutoa, kama alivyokuwa akichagua kahawa. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu arobaini, na mtoto mmoja akilia kwa sauti ya kupasua bati. Tabby aliandika, akamwongezea nguvu ya kidonge. Mwezi uliofuata akamwongezea cha aina ya pili. Ngendo alikuwa akimwona mumewe akirudi na vipakiti vizito zaidi kila mwezi, naye akaamini kwamba vinamezwa, kwa kuwa ni nani angekaa na vidonge asivimeze. Kopo la stoo likaendelea kujaa.

Mwishowe, mwezi wa Februari, hospitali ya macho ikampa tarehe, wakitumaini kwamba dawa mbili zimeshafanya kazi. Asubuhi ya siku hiyo Mutahi aliingia stoo akafikiri kwa makini. Huu haukuwa mtihani wa kawaida, ulikuwa wa mwisho. Na kwa kuwa alikuwa ameruka siku nyingi, aliona ni haki azifidie. Akameza vinne vya aina ya kwanza na vitatu vya aina ya pili, akashushia na uji, akatoka na Ngendo akijisikia mtu aliyejiandaa.

Walipokuwa kwenye benchi la hospitali, zamu yake ikaitwa. Akasimama. Hapo dunia ikamtoka chini ya miguu, akaanguka taratibu kwenye mapaja ya mama mmoja mnene wa Kiriaini aliyekuwa akingoja miwani, naye akampokea kwa mikono miwili na kumwambia Ngendo kwa upole, "Mama, mzee yako amekuja kwangu."

Presha ilikuwa imeshuka, hilo hakuna aliyelikataa. Ilishuka mpaka muuguzi akadhani mashine imeharibika. Wakamlaza, wakamwinulia miguu, wakamtia maji kwa mshipa, na wakakaa naye siku mbili. Walipomuuliza amemeza nini akasema, "Zile tu nilipewa," na huo pia ulikuwa ukweli. Madaktari wakaona dawa zimekuwa kali mno kwake, wakazipunguza, wakamrudisha nyumbani bila kugusa jicho. Safari nzima ya kurudi Ngendo aliushika mkono wa mumewe kwa nguvu, naye Mutahi, asiyeona uso wake, hakujua kwamba alikuwa akilia.

Sasa niseme kidogo kuhusu kahawa yake, maana bila hiyo hadithi haiendi. Macho au hakuna macho, Mutahi hakukubali mtu mwingine anyunyizie miti yake. "Najua kila mti mahali iko," alisema, akabeba pampu mgongoni, akaingia shambani akipuliza kushoto na kulia kwa tarehe zake, kabla ya mvua na wakati wa mvua, bila kukosa hata moja. Kesho yake Ngendo alikuwa anaaga kwamba anakwenda kutafuta majani ya ng'ombe, na alichelewa kurudi. Na kahawa ya Mutahi ilikuwa safi. Majirani walilia kwamba matunda yanakuwa meusi na kudondoka, yeye akajipiga kifua na kusema kwamba mkono unaojua kazi hauhitaji macho.

Ndivyo alivyokuja Kihara, jirani wa ng'ambo ya kijito, Jumamosi moja ya Aprili wakati mvua imeshika. Alikuja na tawi mkononi. Mutahi alilipapasa, Kihara akapewa kiti na chai.

"Mzee, matunda yangu imeanza kuwa nyeusi," alisema Kihara. "Nilikuwa na kopa kwa stoo tangu Januari. Nikasema niweke kwanza nione kama ugonjwa itakuja. Sasa imekuja. Nipige leo?"

Mutahi akaweka kikombe chini. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyompa uhai.

"Sasa unataka kupiga kopa ya nini, Kihara? Kopa haiponyi tunda imekuwa nyeusi. Hiyo imekwenda. Kopa ni ya mti iko sawa. Unapiga wakati hakuna kitu unaona. Mtu akikuuliza, Kihara, mti yako inaumwa? Unamwambia hapana. Na unapiga tu. Na hupigi leo ukanyamaza mpaka siku ile mtu wa kiwanda anakuja kuangalia shamba. Unapiga kwa tarehe yake, mpaka mwisho. Ati unaweka kopa stoo ukingoja ugonjwa? Hiyo ni akili ya nani?"

"Ni yangu, mzee," alisema Kihara kwa unyenyekevu.

Wakati huo Ngendo alikuwa stoo, sijui akitafuta nini. Mutahi alimsikia akisogeza mfuko. Kisha akasikia hatua zake, na kitu cha bati kikiwekwa mezani katikati ya vikombe, na mfuniko ukifunguliwa. Alikijua kile kitu kwa mlio wake.

Ngendo alitoa kipakiti cha kwanza akakiweka mezani. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu, cha nne, cha tano, polepole, kila kimoja na karatasi yake ya mwezi, mpaka sahani ya mihogo ikakosa nafasi.

"Kihara, kunywa chai," alisema. "Baba Anita, endelea. Ulikuwa unasema kopa ikikaa stoo inakuwa aje."

Kihara aliinama, akakitazama kipakiti kimoja kwa karibu.

"Hii ni kopa ya aina gani?" aliuliza.

Akapiga mafunda matatu ya chai ya moto, akachukua tawi lake akaaga, na kabla ya saa kumi Gakindu nzima ilijua.

Walipobaki wawili, Mutahi alitafuta ukweli mdogo wa kutoa kama kawaida yake, akaukosa. Yaliyobaki kwenye debe yalikuwa mabovu matupu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Ilinivimbisha miguu," alisema mwishowe. "Viatu zile Anita alininunulia zilikataa kuingia."

"Viatu," alisema Ngendo. "Ulianguka kama mtu amekufa. Mimi nilikaa hapo siku mbili nikifikiria nitamwambia Anita nini. Juu ya viatu."

Jumatatu wakaenda zahanati, Ngendo mbele na kopo chini ya kwapa. Tabby alilifungua, akaangalia ndani, akakaa kitini kwanza.

"Guka, mimi kila mwezi nilikuwa nakuongezea nikidhani hizi dawa zimeshindwa na kazi," alisema. "Kumbe hazijawahi kuandikwa kazi."

Kisha akamuuliza kama ana pampu ya kunyunyizia, na hilo Mutahi alijua kulijibu. Ukiijaza upepo kupita kiasi, mpira unafanya nini? Unapasuka, alisema Mutahi, na hupasuka kwenye kiungo. Na kabla ya kupasuka unalia? Haulii. "Basi mishipa yako ni huo mpira," alisema Tabby. "Haiumi, ndio maana inaua watu. Kidonge moja inalegeza kidogo, inakaa siku moja, ya kesho inaongeza hapo. Inaweza kuchukua wiki mbili presha ikae chini vizuri. Huwezi kumeza wiki mbili asubuhi moja. Ile siku ulimeza saba, ni kama ulifungua upepo yote. Maji ikakosa nguvu ya kufika juu kwa kichwa." Kuhusu miguu alisema kwamba hilo hutokea kwa watu wengi na dawa ile, na kwamba ziko nyingine. "Ungeniambia wiki ya kwanza ningebadilisha. Dawa ikikusumbua usipeleke stoo. Kuja uniambie."

Lile kopo alilibakiza kwake vidonge vikaharibiwe, akamwanzishia Mutahi upya kidonge cha aina nyingine, kidogo. Kila asubuhi Ngendo alikiweka kando ya kikombe na kusimama hapo mpaka koo la mumewe lipande na kushuka. Wiki ya kwanza aliona kama anadhulumiwa. Ya pili akazoea. Viatu viliingia. Kliniki ya Mei presha ilikuwa imeshuka, ya Juni ikawa pale pale ilipoachwa, na mwisho wa Juni daktari akafanya jicho la kulia, huku mgonjwa akiwa macho na akitoa maoni.

Bendeji ilitolewa kesho yake. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa Ngendo, na alimtazama muda mrefu, maana ilikuwa miaka minne na nywele zake zilikuwa zimepata mvi bila yeye kuarifiwa. Akamwambia amependeza. Ngendo akasema jicho hilo bado halijapona.

Nyumbani hakutaka chai. Alitaka kahawa yake aione. Akaingia shambani peke yake, jicho lililopasuliwa limekingwa na plastiki angavu, na alipofika mstari wa kwanza akasimama.

Migomba yote ya mpakani ilikuwa imepakwa buluu ya kopa, kuanzia majani hadi shina. Nguzo za ua zilikuwa za buluu. Mparachichi ulikuwa wa buluu upande mmoja, na banda la kuku lilikuwa na mchirizi mzuri wa buluu ukutani. Misimu minne ya mkono unaojua kazi. Ilikuwa wazi kwamba kuku wake walikuwa wamekingwa vizuri dhidi ya ugonjwa wa kahawa.

Akageukia miti yenyewe. Ilikuwa na buluu pia, lakini si ya mkono wake. Ilikuwa matone madogo, sawasawa, chini ya majani na juu ya majani, mti kwa mti, mpaka mwisho wa shamba. Akachuma tunda moja la kijani, akaligeuza kwa vidole viwili. Lilikuwa safi. Akakumbuka majani ya ng'ombe yaliyokuwa yakichukua nusu siku kupatikana, kila kesho yake ya tarehe ya pampu.

Alirudi akamkuta Ngendo mlangoni, ameshika kikombe.

"Mama Anita, kahawa ni nani alikuwa anapiga?"

"Ni wewe," alisema Ngendo. "Na leo hujameza dawa."

Akanyoosha mkono. Akakichukua kidonge mwenyewe, akakitia mdomoni, akanywa chai, kisha akafungua mdomo wazi kabisa mbele ya mkewe, ulimi juu, apate kukagua.