Panya Wasiozaliwa

Nilirudi kazini mimba ya pili ilipotoka, kabla hata mwili haujapata nguvu vizuri. Hospitalini walituambia sababu haijulikani, tupumzike kisha tujaribu tena. Mume wangu ni mchonga vinyago, mtu wa Ukambani asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo alinisindikiza mpaka steji ya matatu mtaani kwetu Jericho, akaniweka sawa kola ya koti, akarudi kwenye patasi zake.

Mimi ni fundi wa maabara. Kuna jeni tunazozibeba sote mwilini na hakuna anayejua zinafanya nini. Panya anazo nyingi kama zetu, kwa hiyo tunamwondolea moja, halafu tunaangalia ni kitu gani kitaharibika. Kila jeni huja mara mbili, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Panya wetu waliokosa nakala moja walikuwa wazima kabisa, tukawapandisha wao kwa wao. Kila jike alipozaa nilipima vitoto vyake vyote, na sikuwahi kumpata hata mmoja aliyekosa nakala zote mbili.

"Hao hawazaliwi," daktari aliyetuongoza aliniambia siku niliyorudi. "Wanafia tumboni. Lazima tujue ni lini, na kwa nini." Kisha akanitazama, akashusha sauti. "Pole sana, dada. Hii kazi nitampa mwingine."

"Nipe mimi," nikasema.

Sidhani ulikuwa ujasiri. Nilitaka kuona. Kwangu mimi, kule hospitalini walikuwa wameweka kila kitu kwenye beseni, wakafunika kwa kitambaa, wakaondoka nacho.

Kila jike mwenye mimba tulimpa dawa asiamke tena, ndipo nikamfungua. Chini ya hadubini nikaona vijusi vidogo kuliko punje ya mchele, mioyo ikipiga. Mimba ilipokuwa changa, wale waliokosa jeni yetu walipiga kama wenzao. Mimba ilipokua kidogo tu, wao wakawa wamenyamaza. Viungo vyao havikuwa na kasoro yoyote. Shida ilikuwa kwenye kondo la nyuma: seli zilizotakiwa kupenya ndani na kufungua njia ya damu zilikuwa zimebaki ukingoni. Watoto walikuwa wazima. Walikosa chakula na hewa.

Daktari alinikumbatia. Wenzangu wakaleta soda, maana sasa tulijua kazi ya ile jeni. Nikanywa nao, nikacheka walipocheka, halafu nikaenda kujifungia chooni.

Nilimkuta mume wangu akipiga msasa, nikamweleza yote. Hakuuacha mti mpaka nilipomaliza.

"Kwa hivyo jeni hiyo ndiyo iliyotumalizia watoto?"

"Sijui. Hawa ni panya. Wetu hakuna aliyewapima."

"Basi tupimwe sisi."

Tulikwenda. Daktari wa hospitali alitusikiliza vizuri, hata akaniomba nimchoree. Akasema kipimo hicho hakijafika kwa wagonjwa, na hata kikifika leo, hana dawa ya kutupa.

 Tulipoingia nyumbani mume wangu akakaa kitandani na viatu vyake.

"Hao wadogo," akaniuliza, "mioyo yao ilikuwa inapiga?"

"Ilipiga. Kisha ikachoka."

Akafunika uso kwa mikono. Tangu tuoane sikuwa nimemwona akilia. Nilikaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tukawazungumzia wale wetu wawili kama watu waliokuwepo: yupi angekuwa mkubwa sasa, yupi angelala upande wa ukuta.

Mimba nyingine haijaja. Kazini nimepewa jeni nyingine, ya masikio inavyoelekea, na panya wake wanazaliwa. Jumapili mchungaji anapowaita mbele wanaotafuta mtoto ili awaombee, zamani tulikuwa wa kwanza kusimama. Siku hizi tunabaki kwenye benchi letu, mkono wangu ndani ya wake, tukiwakumbuka wale wawili, mpaka wengine warudi kukaa.