Karo ya Uongo Mmoja

Mwalimu wetu alirudi kutoka Embu siku ya soko, na katika maisha yangu sijaona siku mbaya kama hiyo. Alishushwa na pikapu ya miraa iliyokuwa ikirudi tupu kutoka Nairobi. Dereva alikuwa amemkuta kando ya barabara huko Embu, akamtambua, akampakia. Akaingia kwenye hoteli yangu pale Muthara, akakaa mahali pake pa zamani, kwenye benchi iliyoegemea ukuta wa bucha. Nilimwekea chai. Kwa furaha nikamwaga nusu kwenye sahani. Halafu nikamwambia kile ambacho sisi wote tulikuwa tukimwambia kila akikaa pale. Nikamwambia uongo.

"Mwalimu, juzi mvua ilinyesha ikitoka chini kupanda juu. Nimeona mwenyewe."

Nikangoja. Kawaida hapo angeweka kikombe chini polepole, aniangalie juu ya miwani, na aseme neno lake moja: "Unajuaje?" Basi hapo tungeanza, na hata watu waliokuja kununua nusu kilo ya nyama wangesahau nyama yao.

Miwani haikuwapo. Alinitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa vizuri. Akasema, "Ndiyo, mama. Ni kweli."

Nikacheka, nikidhani ananichezea. Nikamwambia kwamba ng'ombe wa jirani amezaa kondoo. Akasema ndiyo. Nikamwambia Muthara imehamishwa, sasa iko Timau, kwenye baridi na ngano. Akasema ndiyo, ndiyo, ni kweli. Alikunywa chai yote, akanishukuru, akaondoka akipita kando kando ya ukuta. Mimi nilirudi nyuma jikoni, nikakaa juu ya gunia la makaa mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto.

Acha nirudi nyuma, nieleze alikuwa nani.

Mimi niliachia shule darasa la nne, kwa hivyo nitasema kama nilivyosikia na kuona. Huyu mtu alikuwa wa kwanza upande wetu kusomea falsafa ng'ambo, na Kenya ilipopata uhuru akarudi kufundisha chuo kikuu Nairobi, wakati wazungu bado ndio walikuwa wengi huko. Alitusimulia kwamba mwaka wake wa kwanza wanafunzi walikuwa wanaandika kila anachosema, hata akikohoa. Siku moja akaingia darasani akawafundisha uongo mtupu saa nzima, wakaandika wote. Mwisho akawaambia, karo yenu mmelipa serikali, lakini kwangu mtalipa nyingine: kila mmoja aje na uongo mmoja ambao watu wa kwao wanauamini, aniambie ameujuaje kuwa ni uongo. Alisema hapo ndipo kazi yake ilianza. Aliifanya miaka mingi. Waliopita mikononi mwake wengine ni majaji leo, wengine maaskofu, na wengine nitawafikia.

Chuo kilimfukuza. Alieleza kwa kifupi tu, kwa sababu hakupenda kujihurumia. Waliitwa walimu wote ukumbini wasimame wamshukuru mkubwa wa nchi. Wengine wakasimama. Yeye naye akasimama, lakini akauliza, tunamshukuru kwa lipi hasa, ili tuseme vizuri? Wiki hiyo hiyo barua ikaja. Mke wake akabaki Nairobi na kazi yake na watoto wa shule, na yeye akarudi Muthara na masanduku ya vitabu na miwani.

Watu wetu hawakujua wamfanyie nini. Walisikia ni daktari. Mama mmoja akamletea mtoto mwenye upele. Mzee mwingine akafunua mdomo, akamwonyesha jino. Mwenye bucha, ambaye alikuwa Mwislamu wa Meru mjini, mtu wa mizaha sana, alimuuliza mbele ya watu, "Sasa wewe daktari, ukipewa mgonjwa unamdunga wapi?"

Akajibu, "Mahali anapoamini."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Alikuwa anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi yangu, mwenye bucha anamjibu kupitia dirisha la nyama huku kisu kikifanya kazi. Vijana wa kufunga miraa wakaanza kukaa hapo na majani yao ya migomba, wakifunga vifurushi huku wakisikiliza. Ndipo alipotuwekea ile karo. Unataka kukaa kwenye benchi, lete uongo mmoja. Ukiwa wa kujitungia, unacheka na watu na anakuuliza maswali mpaka unakwama. Ukiwa wa kweli, yaani uongo ambao watu wanaishi nao, hapo anavuta benchi karibu.

Mimi nilikuwa msichana wa chai. Siku ya kwanza nilileta uongo wa shangazi yangu, kwamba msichana akisoma sana hazai. Akaniuliza, "Unajuaje kuwa ni uongo?" Nikasema sijui, ni hasira tu. Hakucheka. Alisema hasira ni mlango, sasa ingia ndani uangalie. Nilikaa wiki nzima nikihesabu wanawake ninaowajua, waliosoma na wasiosoma, na watoto wao. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi ya kichwa kabla ya hapo. Kuna mambo mengi niliyokosa maishani, lakini sijui kitu ninachokitamani leo kama ile wiki ya kutembea na swali kichwani na sufuria mkononi, nikijua Jumamosi kuna mtu atataka kusikia.

Alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani ambaye alikuwa akitutembelea kutoka Nairobi. Kijana mzuri, viatu safi, tayari anafundisha chuo mahali pale pale mwalimu wake alipofukuzwa. Alikula mandazi yangu. Aliuliza kila mtu jina lake na la baba yake, na sisi tukafurahi kwamba msomi anataka kutujua. Mwalimu alimpenda kama mtoto. Alikuwa anasema, huyu ataendeleza.

Basi ikaja habari ya maji. Chifu alitangaza barazani kwamba maji kutoka msitu wa Nyambene yamefika Muthara, na mgeni mkubwa atakuja kutoka Embu kufungua mfereji wa bomba. Watu wakapiga makofi. Jumamosi, mwenye bucha akaegemea dirisha lake akasema, "Prof, leo karo yangu ni nzito. Mfereji una maji."

"Unajuaje?"

"Chifu amesema."

"Chifu ameyanywa?"

Tulicheka mpaka mbwa wa bucha wakaondoka. Lakini mwalimu akaamka, akachukua fimbo, akasema twendeni tuulize mabomba. Tukafuata mtaro kuelekea juu, yeye mbele, mwenye bucha na aproni yake ya damu, vijana wawili wa miraa, na mimi nikiwa na birika kwa sababu nilisahau kuliacha. Mbali kidogo juu ya makaburi ya kanisa mtaro uliisha. Bomba la mwisho lilikuwa limezibwa kwa gunia, na mbele yake kulikuwa na mkonge na ng'ombe wa watu. Mwalimu aliinama akaweka sikio kwenye bomba. Halafu akatuambia turudi na tusimwambie mtu jibu. Tukiulizwa, tuseme tu watu waende wauulize mtaro wenyewe. Wakaenda. Wiki ile mtaro ulitembelewa kuliko kanisa.

Siku ya mgeni, mfereji ulifunguliwa na maji yakatoka. Chifu alikuwa ameficha pipa nyuma ya ukuta, juu ya mawe. Bendi ya shule ikapiga. Mgeni akanawa mikono, akapigwa picha, akataka kufunga. Hapo wanawake wakajitokeza na ndoo zao wakapanga foleni, kimya, bila matusi, na mmoja mzee akamwomba mgeni kwa heshima kubwa asifunge, kwa kuwa maji ya Nyambene hayaishi. Angefunga vipi mbele ya watu? Ndoo chache zikajaa. Halafu mfereji ukakohoa, ukanyamaza. Hakuna aliyecheka. Wale wanawake walisimama tu na ndoo zao wakimtazama chifu, na nilimwona mwalimu nyuma ya umati akivua miwani na kuipangusa.

Jumamosi iliyofuata askari wa chifu walikuja kwenye benchi. Walisema ni mkutano bila kibali. Tukabebwa, mwalimu, mwenye bucha, vijana wawili na mimi, tukapigishwa magoti kwenye kokoto za kambi ya chifu. Goti langu la kulia halijawahi kupona. Likiona mvua inakuja linaniambia kabla ya redio.

Nitasema sasa niliyemwona. Chifu alikuwa amesimama na fimbo yake. Kwenye baraza ya ofisi, kwenye kiti, na soda mkononi, alikaa yule mwanafunzi mwenye viatu safi. Askari walikuwa wanauliza ni nani alianza habari ya mtaro, na kila mtu akinyamaza, chifu alikuwa anamgeukia yeye, naye anasema jina na la baba yake. Yale majina tuliyompa na mandazi. Walipofika kwangu, alinitazama kidogo, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Huyo ni wa chai tu. Hajui kitu."

Chifu akaniambia niende. Nikaamka, goti linavuja damu. Na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ya mwalimu, ya kawaida kabisa, sauti ya benchi, akimuuliza mwanafunzi wake:

"Unajuaje kwamba hajui?"

Wakampiga mdomoni. Sikuisikia tena sauti hiyo.

Wote wanne walipelekwa jela ya Embu. Nilienda huko na thermosi ya chai, nikasimama langoni, nikaambiwa mtu kama huyo hayuko. Nikaenda tena, wakaniambia vile vile. Mwenye bucha aliachiliwa mapema akiwa hasikii sikio moja. Alifunga duka, akarudi kwa watu wake Meru mjini, na mizaha yake ikaishia hapo. Vijana wale wawili walihama. Mwalimu ndiye waliyemweka mpaka akawa mtu wa ndiyo. Dada yake aliyeolewa Timau akaja kumchukua. Nilimtembelea huko mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje, amefunikwa blanketi mbili, anatazama ngano ya matajiri. Nikamwambia, mwalimu, msichana akisoma sana hazai. Nilitaka akasirike, hata kidogo. Akasema ndiyo, mama. Alifia huko kwenye baridi, na tukamzika kwao Muthara bila mtu hata mmoja wa chuo.

Sasa miaka imepita, na chuo kimemkumbuka. Wana mhadhara kila mwaka kwa jina lake. Wana picha yake ukutani, na miwani yake. Majuzi walikuja Muthara na basi na mahema kufungua chumba cha vitabu shuleni, nacho kina jina lake. Mimi niliombwa kupika chai. Nilikubali, kwa sababu ni yake. Chifu wa zamani alikaa mstari wa mbele na koti la mzee wa kanisa. Na aliyesimama kuhutubia alikuwa yule mwanafunzi. Sasa ni profesa mkubwa mwenye mvi, na viatu vyake ni safi bado. Alisema mambo mazuri. Alisema hata habari ya karo ya uongo mmoja, na vijana wakaipenda. Halafu akasema kwamba mwalimu wake, baada ya kazi ndefu, alistaafu kwa amani na kurudi kupumzika kwa watu wake. Makofi yakapigwa. Chifu naye alipiga.

Nikainua mkono. Msichana wa kuongoza sherehe aliniona, akatabasamu, akasema kwenye spika, "Mama wa chai, asante, tunakuja, iwe moto." Watu wakacheka kwa upendo. Nikashusha mkono, nikawamiminia chai, profesa pia. Alipokea bila kunitambua.

Basi ninasema hapa. Wewe chifu, uliwaambia watu kuna maji, na walipoona pipa ukawapigisha magoti. Nyinyi wa chuo, mlimfukuza kwa swali moja na sasa mnakula keki kwa jina lake. Na wewe uliyekaa kwenye kiti na soda, wewe nakuuliza peke yako, kwa sababu mwalimu alikupenda wewe. Benchi yangu iko, imeegemea ukuta ule ule, ingawa bucha siku hizi ni duka la simu. Njoo ukae. Karo umeshalipa, uongo wako umeuleta mwenyewe mbele ya watu wote.

Alistaafu kwa amani. Unajuaje? Nijibu.