Disketi Ionjwe Kwanza

Nilipomaliza chuo kikuu na ajira ikakawia, nilikaa dukani kwa shangazi yangu pale Majengo, mjini Moshi. Alikuwa na kompyuta mbili za kuchapia kadi za harusi na ratiba za mazishi. Desemba ilikuwa inakaribia, msimu ambao Wachaga walio mbali hurudi mlimani na harusi hupangwa mfululizo. Ndipo virusi vikaila kompyuta moja, na kazi zote zilizokuwamo zikapotea.

"Lakini ina kinga," shangazi alilalamika. "Fundi aliniwekea mwenyewe."

"Lini?"

"Tulipofungua duka."

"Kwa hiyo wanaotengeneza virusi walipumzika tangu siku hiyo?"

Alinisonya.

Niliifuta kompyuta ile yote, nikaipanga upya na kuiwekea programu mpya ya kinga kutoka intaneti kafe. Nikaisogeza pembeni, bila waya wowote kati yake na mwenzake. Ile nzima ndiyo iliyobaki na kadi za wateja wote wa Desemba. Ikifa hiyo, duka nalo limekufa. Nikatangaza kwamba hakuna disketi ya mteja itakayoingia humo kabla ya kupimwa kwenye ile ya pembeni. Shangazi alisema nitamfukuzia watu.

Wa kwanza kukutana na sheria yangu alikuwa mzee wa Masama huko mlimani, mkulima wa kahawa anayeheshimika. Alileta disketi yenye kadi ya harusi ya binti yake, iliyotengenezwa Dar.

"Shikamoo, meku," nilimwamkia, kama Wachaga wanavyowaita wazee. "Tunaipima kwanza."

"Marahaba. Mnapima nini? Nimeleta kadi, sikuleta maziwa."

Shangazi alinikanyaga chini ya meza, akampamba mzee kwa cheo cha uchifu. "Msamehe, mangi. Wasomi hawa!"

Nikamgeukia mzee. "Meku, ukimkaribisha mgeni pombe ya mbege, nani anatangulia kunywa?"

"Mimi mwenyewe. Nisipoonja atajuaje kwamba sijamtilia kitu?"

"Basi kila anayeonja kwanza anashukiwa kuwa mchawi?"

Shangazi alijishika kichwa. Mzee alinikazia macho, kisha akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Huyu ana mdomo! Haya, onja."

Niliiingiza disketi. Kadi haijafunguka bado, kioo kikajaa onyo: kuna virusi.

"Hivyo ni vya Dar," mzee aliharakisha kusema. "Masama hatuna."

Niliviondoa, nikapima tena, ikawa safi. Ndipo nikaihamishia kadi kwenye ile kompyuta nzima. Mzee aliondoka na kadi zake mkononi, na kazi za wengine zote zilikuwa salama mahali pake.

Jioni nilitaka kuchapa barua zangu za kuomba kazi. Nilipoipeleka disketi yangu kwenye kompyuta ya kadi, shangazi alinidaka mkono.

"Ikaonjwe."

"Yangu ni safi, shangazi."

"Nani kasema?"

Niliipeleka pembeni, naye akasimama nyuma yangu hadi kipimo kilipokwisha.