Salamu ya Saimi

Hilja Törmänen ana miaka sitini na sita, watoto kumi na mmoja, na hofu moja. Hofu nyingine, za uzazi, za barafu, za ng'ombe kukataa kushika mimba, zilimwisha zenyewe kadiri miaka ilivyokwenda. Hii ya sasa ilianza mwezi wa tatu, alipompigia simu rafiki yake Saimi, naye Saimi akapokea kwa kusema, "Haloo."

Kwa mtu wa mjini hapo hakuna neno. Lakini sisi watu wa uamsho, huku kaskazini mwa Finland, tuna salamu mbili. Muumini mwenzako unamwambia "Salamu za Mungu." Wengine wote, akiwemo daktari wa mifugo na mara nyingine mchungaji wa parokia, unawaambia habari za leo. Anayeiacha imani haandiki barua wala hasimami mbele ya watu. Hubadilisha salamu, basi. Ndiyo maana wapo ndugu wa tumbo moja ambao mwaka wa tano huu wakionana dukani, mmoja hukimbilia kwenye maziwa na mwingine kwenye misumari, kila mtu akichelea kusikia mwenzake atasemaje.

Hilja alijipa moyo kwamba simu ilikuwa mbovu. Kisha Saimi akakosa ibada Jumapili tatu mfululizo, akasema ni goti. Hilja aliliombea goti hilo kwa uaminifu, akijua fika kwamba si goti.

Saimi ndiye aliyemleta kwenye imani. Miaka arobaini na mitatu iliyopita, zizini, Hilja akilia kwa dhambi ambazo ukizihesabu leo ni dansi mbili na sigara moja, Saimi aliweka ndoo chini, akamkumbatia shingoni, akamtamkia: amini dhambi zako zote zimesamehewa kwa jina na damu ya Yesu. Kwetu msamaha hutamkwa na mtu na kusikiwa kwa sikio. Hilja alisikia, akaamini, na tangu siku hiyo hakuwahi kuiwaza mbingu ambayo Saimi hayumo. Sasa alikuwa anaiwaza, hasa alipokuwa akiosha vyombo.

Kila mwezi wa sita wawili hao hufua mazulia yao ya matambara kwenye gati la ziwani. Mwaka huu Hilja alifika saa nzima mapema, kwa sababu anayekuja nyuma ndiye huanza kusalimu. Alitaka kujua. Alipoliona toroli la Saimi linashuka mteremko, hakutaka tena.

"Habari za asubuhi, Hilja."

Hilja alikuwa ameandaa majibu kadhaa, mawili yenye Maandiko. Kilichomtoka ni, "Zulia lako limepauka."

"Hata mimi nimepauka. Nimekuamkia lakini."

"Nimesikia."

"Basi itikia, mwenzangu. Haing'ati."

Hilja akapiga magoti, akaanza kusugua kana kwamba zulia ndilo lililokosa. Baada ya muda akauliza, "Umenunua televisheni?"

"Sijanunua."

"Unapaka rangi kucha?"

"Kucha hizi? Rangi yenyewe itakataa."

"Kuna mwanamume."

"Mama wee! Nina miaka sabini na moja, Hilja. Akija nitakuita uje umtazame."

Walicheka wote wawili, na kicheko kikamzidishia Hilja wasiwasi. Alikuwa akitafuta dhambi. Dhambi ina dawa, na yeye dawa anayo.

"Hakuna kitu," Saimi akasema, akimimina sabuni. "Hilo ndilo jambo lenyewe. Siku moja nilikuwa nasali, nikagundua kwamba sisubiri mtu anisikie. Halafu nikagundua kwamba ni siku nyingi sijasubiri."

"Nikutamkie, dada?"

"Usinitamkie. Ukitamka itabidi niseme naamini, na mimi sijawahi kukudanganya. Isipokuwa lile goti."

Wakabeba mazulia hadi kwenye mashine ya kukamulia, rola mbili za mbao na mpini wa chuma, kazi isiyofanywa na mtu mmoja. Saimi alizungusha, Hilja akaingiza. Chuma kililia kama nguruwe. Hilja akainama karibu na rola, na chini ya kelele ile akayatamka maneno yote, jina na damu, bila kuruka hata moja. Amefundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka thelathini kwamba neno lisilosikiwa halimfai mtu. Aliyatamka hivyo hivyo.

Saimi akasimamisha mkono. "Unasemaje?"

"Nasema zungusha taratibu. Linakunjamana."

Saimi akamtazama kidogo, kisha akazungusha taratibu. Chuma kikaacha kulia, na Hilja, ambaye sasa angesikika vizuri kabisa, akafunga mdomo.