Ini Lake, Sigara Zangu

Miaka ile nilikuwa mwanaume pekee katika Bungulu nzima, mutaa wetu wa Beni, aliyenuswa kinywa kabla ya kuingia nyumbani kwake. Aliyeninusa hakuwa bibi yangu niliyemuoa, bibi yangu alishachoka na mambo yangu zamani. Alikuwa dada yangu mudogo. Natoka kufunga duka langu la misumari na mabati, namukuta mulangoni, mikono kiunoni.

"Pumua."

Napumua.

"Tena."

Napumua tena. Akiridhika ananipisha. Asiporidhika, majirani wote wanapata habari. Na kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba alikuwa na haki. Ini lililokuwa tumboni mwangu lilikuwa lake.

Nieleze. Ini langu la kuzaliwa liliharibiwa na ule ugonjwa wa virusi unaogeuza macho kuwa manjano. Tumbo likajaa maji, nikaonekana kama mama wa miezi tisa. Famili ikauza kiwanja chetu cha Butembo, tukaenda India, na kati ya ndugu wote waliopimwa ni dada yangu tu aliyelingana na mimi. Wakamukata kipande kikubwa cha ini, wakaniwekea mimi. Yeye alikuwa muuzaji wa vitunguu kutoka Masereka, mama wa watoto sita, mwenye sauti ya kuita mutu kutoka mulima wa pili. Na niseme ukweli, aliipenda sana kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Kwenye sherehe walimupa kibuyu yeye wa kwanza ili wajue kama imeiva.

Kabla ya kuturuhusu kurudi nyumbani, daktari alitukalisha wote wawili, na Mukongomani mumoja aliyesoma kule akatutafsiria.

"Mwili uko na walinzi," alisema. "Wakiona ini la mutu mwingine, watalifukuza. Dawa utakazomeza maisha yako yote zinawalaza hao walinzi. Lakini walinzi wakilala, kansa nayo inapita bila kuulizwa karatasi."

Sisi watu wa Beni, ambako waasi wanatoka pori usiku kuua watu, habari ya walinzi wanaolala tuliielewa upesi sana.

Ndiyo sababu, akasema, hakuna pombe, hakuna jua kali bila kofia, hakuna kunenepa ovyo, na kidonda chochote kisichokauka kwa wiki mbili kionyeshwe kwa daktari. Juu ya yote, hakuna tumbaku. Mutu aliyebadilishwa ini akivuta, kansa ya kinywa, ya koo na ya mapafu inamutafuta yeye kuliko inavyowatafuta wengine. Niliitika kwa kichwa kama mutoto wa katekisimu. Dada yangu alishika neno lingine kabisa: kwamba kipande kilichobaki kwake kitakua mpaka ini lijae tena.

"Kama sombe!" alipiga kelele, yale majani ya muhogo. "Unachuma, inarudia!"

Daktari alicheka, akasema karibu hivyo.

Tuliporudi, dada yangu alikaa Butembo wiki tatu tu. Halafu akatokea Bungulu na sufuria mbili na godoro. Bwana yake alikubali haraka mno, mimi nikashuku.

"Nimekuja kulinda kitu yangu," alisema.

Alininunulia kofia pana ya majani na mwavuli wa maua mekundu. Siku ya kwanza nilipofika kwenye bariere ya barabarani, mwanajeshi mumoja wa kutoka jimbo la Équateur aliita wenzake.

"Papa, jua yetu inakufanya nini?"

"Daktari amekataza."

"Daktari amekataza jua?"

Walicheka mpaka mumoja akaegemeza bunduki yake ukutani ili ashike mbavu. Faida ilikuwepo: tangu siku ile hawakuniomba tena kitambulisho. Walisema tu, "Pita, Papa Kivuli."

Basi, kofia niliivaa. Pombe niliiacha, sikuwa nayo sana. Sigara ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimevuta tangu niote ndevu. Jirani yangu alikuwa fonctionnaire kutoka Kasai, karani wa serikali mwenye tai moja na adabu nyingi, na nyuma ya jiko lake kulikuwa na benchi. Hapo nilivuta. Halafu natafuna tangawizi, natafuna majani ya pera. Mutu muzima, baba wa batoto wakubwa, natafuna majani kama mbuzi wa mahari. Paketi yangu niliificha ndani ya kofia, chini ya kitambaa cha utosini. Nilijiona mujanja kweli.

Siku moja dada yangu alizunguka nyuma ya jiko kutafuta chumvi, akanikuta na moshi unatoka puani. Karani aliingia ndani kwake bila kusema bonjour. Saa ileile risasi zikalia mbali, upande wa mashamba, kama zilivyolia karibu kila wiki. Nikashika hiyo kama kisingizio.

"Unasikia?" nilimwambia kwa hasira. "Unasikia hiyo? Hapa Beni watu banaenda shamba hawarudi, na wewe unaniogopesha na kansa ya miaka kumi inayokuja?"

"Donc unataka kuwasaidia hao wauaji?"

Nikaficha sigara mugongoni.

"Wale wa pori siwawezi," alisema. "Wewe nakuweza. Zima."

Nilizima. Kesho yake nikawasha tena, ila mbali zaidi.

Mwaka wa nne kidonda kidogo kikatokea pembeni ya ulimi wangu. Nilijiambia ni jino limenikwaruza. Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia, na kidonda kiko palepale. Nilijua kabisa maneno ya daktari. Lakini kumuonyesha dada yangu kidonda kulikuwa sawa na kumuonyesha sigara zote, moja moja. Nikanyamaza, nikaanza kula bugali upande wa kushoto.

Pilipili ndiyo ilinisaliti. Mezani dada yangu aliacha kula, akanitazama mimi yaya yake, kaka mukubwa.

"Yaya, tangu lini unakula samaki bila pilipili?"

"Tumbo."

"Tumbo hapana. Fungula kinywa."

"Acha, watu wanakula."

"Fungula!"

Akawasha tochi ya simu, akanishika taya kama mutu anayenunua mbuzi sokoni, mbele ya bibi yangu na batoto. Alipokiona, sauti yake yote ikaisha. Hakunitukana. Hapo nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu dada yangu hanyamazi bure.

"Ee Nyamuhanga," alisema tu, pole pole, akimuita Mungu.

Daktari wa Beni alikata kipande cha kidonda, kikapelekwa Kampala kuchunguzwa. Njia ya mupaka ilifungwa, ikafunguliwa kwa msafara wa kijeshi, ikafungwa tena. Tulingoja jibu zaidi ya mwezi. Mwezi ule sikuvuta hata moja. Kila asubuhi niliusogeza ulimi kwenye kile kidonda kabla hata ya kufungua macho. Niliogopa, naandika wazi. Dada yangu aliendelea kusimama mulangoni, lakini aliponinusa hakusema "tena".

Jibu likaja: si kansa. Lakini daktari alinieleza kwamba chembe zilikuwa zimeanza kugeuka, kwamba angezikata zote siku ileile, na kwamba nikivuta tena nisije kumulilia. Nilitoka pale nacheza. Na sasa nitasema kitu cha aibu. Nilipofika barabarani, wazo langu la kwanza lilikuwa hili: kama si kansa, basi moja kwa wiki haiwezi kuua mutu. Nikanunua paketi, nikaitia ndani ya kofia.

Jumamosi iliyofuata tukashuka wote Butembo. Binti mukubwa wa dada yangu alikuwa anaposwa, wakwe wanaleta mbuzi. Kibuyu cha kasiksi kikatolewa, kikaletwa kwanza kwa mama wa binti, ndiyo desturi yetu, anywe ili wakwe wajue wamekubaliwa. Dada yangu alikipokea kwa mikono miwili, akasema "wasingya", asante, akakipitisha kwa mutu wa pembeni yake. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai. Wakwe wakaanza kunong'ona. Hanywi, maana yake mbuzi wetu ni wabaya?

Nilimuvuta nyuma ya nyumba.

"Una nini wewe? Kunywa! Unaharibu ndoa ya mutoto!"

"Sinywi."

"Tangu lini?"

"Tangu India."

Nilidhani ananitania. Miaka mine alikaa nyumbani kwangu, na mimi sikuona, nilikuwa nashughulika kuficha moshi wangu.

"Lakini wewe daktari hakukukataza! Alisema ukipona unaweza!"

"Najua. Lakini wewe nakujua, yaya. Ile ini niliyokupa utaiharibu. Hii yangu imesharudia yote, naitunza safi. Siku utaharibu ile, tunarudi India, banakata tena."

Alisema hivyo kwa sauti ya kuniambia kwamba bugali ingine iko kwenye sufuria.

"Hawakati tena," nilisema. "Mutu anatoa mara moja tu. Daktari aliniambia, siku ile ulienda soko kununua vitambaa."

"Mara moja?"

"Moja."

"Na hukuniambia?"

"Sikujua kama unangoja."

Akanyakua mwavuli wangu wa maua, akanipiga nao mabegani.

"Miaka mine! Ubatizo, ndoa, matanga, Noeli mine! Nakunywa chai! Chai, yaya!"

Alipiga mpaka mwavuli ukavunjika, halafu akalia, na mimi nikalia. Akafuta uso na ncha ya kitenge, akarudi uani, akakaa, akanyoosha mukono. Kibuyu kikarudishwa. Akanywa, na hakunywa kwa adabu. Wamama wakapiga vigelegele, wakwe wakasimama kupiga makofi, babu mumoja akasema sasa ndiyo tunaoana.

Mimi peke yangu sikupiga makofi. Nimelala chini ya kitanda risasi zikipita juu ya mabati yangu, nimengoja jibu la Kampala, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiangalia koo la dada yangu likimeza. Kila alipomeza nilijua kwamba hakuna mutu tena anayenitunzia ini ingine.

Nikaomba njia ya choo. Niliingia na kofia mukononi, nikatoka nayo kichwani, na ndani yake hamukuwa na kitu.

Tuliporudi Bungulu alisimama mulangoni kama kawaida, ananukia kasiksi kutoka mbali.

"Pumua," alisema.

Nikapumua mara mbili, bila kungoja aniambie.